Siri za serikali zikitoka, nani hubeba mzigo?

MNAMO Machi 2012, simu ya mkononi iliokotwa katika jaa la taka mjini Hampton, jimbo la Connecticut nchini Marekani. Ndani yake mlikuwa na picha ambazo hazikupaswa kuwa katika simu ya mtu yeyote: sehemu za ndani za nyambizi ya kivita USS Alexandria, ikiwemo sehemu ya mtambo wa nyuklia unaoiendesha.

Mwenye simu alikuwa Bw Kristian Saucier, baharia aliyekuwa fundi wa mitambo katika nyambizi hiyo na ambaye hakuwa na cheo cha uafisa. Alizipiga picha hizo sita mnamo 2009. Wapelelezi walipomhoji, alikana, kisha akaharibu kipatakalishi na kamera yake. Hakushtakiwa kwa kumpa mtu yeyote picha hizo. Kwa maelezo yake, alitaka kumbukumbu ya kazi aliyoifanya. Mnamo Agosti 2016 jaji alimfunga gerezani mwaka mmoja, ingawa upande wa mashtaka ulikuwa umeomba zaidi ya miaka mitano.

Mawakili wake walikuwa na hoja moja iliyomfikia kila Mmarekani aliyesoma gazeti mwaka huo. Wiki chache kabla ya hukumu, mkurugenzi wa idara ya upelelezi ya FBI, Bw James Comey, alikuwa ametangaza kwamba Bi Hillary Clinton hafai kushtakiwa. Bi Clinton alipokuwa Waziri wa Mashauri ya Kigeni kati ya 2009 na 2013, alitumia seva ya kibinafsi kwa barua pepe za kazi. FBI ilipata barua pepe 110 zenye habari ambazo tayari zilikuwa siri wakati zilipotumwa au kupokewa. Bw Comey alisema waziri huyo na wasaidizi wake walikuwa wazembe mno, lakini hakuna kiongozi wa mashtaka mwenye busara ambaye angepeleka kesi hiyo kortini.

Picha sita zilimtia mmoja ndani. Barua pepe 110 hazikumfikisha mwingine kizimbani. Je, sheria ina macho mawili?

Jibu si rahisi kama wanavyodai mashabiki wa vyama. Ili kulielewa, lazima msomaji ajue kwanza siri ya serikali ni kitu gani na sheria inamtaka nini mtu aliyekabidhiwa.

Nchini Marekani siri zimegawanywa katika madaraja matatu. Agizo la rais lililotiwa saini na Bw Barack Obama mnamo Desemba 2009 ndilo lililoyaeleza upya. Daraja la chini ni la habari ambazo zikitoka zinaweza kuleta madhara kwa usalama wa taifa. La kati ni la zile zinazoweza kuleta madhara makubwa, na la juu ni la zile ambazo madhara yake ni makubwa kupita kiasi. Picha za Bw Saucier zilikuwa za daraja la chini kabisa.

Anayepiga muhuri ni afisa wa serikali, na afisa huyo hana sababu ya kuwa bahili. Akipiga muhuri karatasi isiyostahili, hakuna atakayemuuliza. Akiacha kupiga muhuri inayostahili, kazi yake imo hatarini. Ndiyo maana tume iliyoongozwa na Seneta Daniel Patrick Moynihan ililalamika mnamo 1997 kwamba serikali inaficha mambo mengi mno, na kwamba wingi huo wenyewe hudhoofisha ulinzi wa siri za kweli. Ripoti za serikali za miaka ya 2010 zilionyesha kwamba zaidi ya watu milioni 4 walikuwa na kibali cha kusoma siri. Siri inayoweza kusomwa na umati unaokaribia wakazi wote wa Nairobi ni siri ya namna gani, hilo ni swali jingine.

Sheria inayotumika mara nyingi ni Sheria ya Ujasusi ya 1917, iliyotungwa Marekani ilipoingia katika Vita Vikuu vya Kwanza. Ililenga majasusi na wahaini, lakini maneno yake ni mapana: inamkamata anayetoa siri, anayeiweka asipopaswa kuiweka, na hata anayeipoteza kwa uzembe wa kupindukia. Kipengele hiki cha uzembe ndicho ambacho wengi walidhani kitamnasa Bi Clinton. Hata hivyo, Bw Comey aliwaeleza wabunge kwamba katika miaka 99 kilikuwa kimetumiwa mara moja tu. Viongozi wa mashtaka wamekiogopa kwa sababu katika mapokeo yao mtu hafungwi kwa kusahau. Hufungwa kwa kukusudia.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Kusudi ni kitu cha moyoni, na hakionekani kwa usawa katika watu wote. Baharia aliyeingiza simu mahali ilipokatazwa, akapiga picha, kisha akavunja kamera baada ya kuhojiwa, ameacha nyayo za kusudi kila alipopita. Waziri mwenye wasaidizi kumi anaweza kusema, na pengine kwa ukweli, kwamba karatasi zilipitia mikono mingi, kwamba alidhani mitambo imekaguliwa, kwamba aliyefunga masanduku ni mtu mwingine. Kadiri mtu alivyo juu, ndivyo mikono iliyo baina yake na kosa inavyoongezeka.

Lakini kusudi pekee halitoshi kueleza yote. Tazama kisa cha Jenerali David Petraeus.

Jenerali huyu aliongoza majeshi ya Marekani nchini Iraq na Afghanistan, kisha akawa mkurugenzi wa shirika la ujasusi la CIA. Alikuwa na madaftari manane meusi yaliyojaa maandishi ya mkono wake: majina ya maafisa wa siri, mikakati ya vita, mazungumzo yake na Rais Obama. Alimpa madaftari hayo mwanamke aliyekuwa akiandika kitabu juu ya maisha yake, ambaye pia alikuwa mpenzi wake. Kisha aliyaweka nyumbani, katika mtoto wa meza usiofungwa kwa ufunguo. FBI ilipomuuliza mnamo 2012, akiwa bado mkurugenzi wa CIA, alisema hakumpa mwandishi huyo siri yoyote. Huo ulikuwa uongo.

Hapa kusudi lilikuwapo, mtu asiyestahili alipewa, na wapelelezi walidanganywa. Mashtaka? Moja, la kosa dogo la kuondoa na kuweka nyaraka pasipo ruhusa. Jenerali alijiuzulu Novemba 2012, akakiri shtaka hilo mnamo 2015, akapewa kifungo cha nje cha miaka miwili na faini ya dola 100,000. Pande mbili zilikuwa zimekubaliana dola 40,000. Jaji ndiye aliyeongeza. Hakulala jela hata usiku mmoja.

Hakuwa wa kwanza. Bw Sandy Berger, aliyekuwa mshauri wa usalama wa Rais Bill Clinton, alitoka na nyaraka za siri katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa mnamo 2003, na baadhi akazikatakata kwa makasi. Naye pia alipata kifungo cha nje na faini ya dola 50,000. Bw John Deutch, mkurugenzi wa zamani wa CIA aliyeweka siri katika tarakilishi za nyumbani kwake, alipewa msamaha na Rais Clinton siku ya mwisho ya utawala wake, Januari 20, 2001, kabla kesi haijaanza.

Kwa nini wakubwa hupatana na upande wa mashtaka kwa bei nafuu? Sababu moja haizungumzwi sana nje ya vyumba vya mawakili. Kesi ya siri huendeshwa katika mahakama ya wazi, na mshtakiwa ana haki ya kuleta ushahidi wa kujitetea. Mtu aliyekuwa katikati ya serikali kwa miaka 30 anaweza kusema: nitajitetea, na katika kujitetea itanibidi nieleze yote ninayoyajua. Bunge la Marekani lilitunga sheria mnamo 1980 ili kuikabili hila hii. Jaji huziangalia siri faraghani na kuruhusu muhtasari mahali pa nyaraka zenyewe. Imesaidia, lakini haijaiondoa hofu. Mdogo aliyechukua karatasi moja hana kitisho cha aina hiyo. Anachokijua ni kile kile kilichokwisha kutoka.

Bi Reality Winner alikuwa mdogo wa namna hiyo. Mwanajeshi wa zamani wa kikosi cha anga na mfanyakazi wa kampuni iliyohudumia shirika la usalama la NSA, alichapisha ripoti moja ya kurasa tano kuhusu jaribio la majasusi wa Urusi kuingilia mitambo ya uchaguzi wa Marekani, akaituma kwa wanahabari. Alikamatwa Juni 2017 akiwa na umri wa miaka 25, akanyimwa dhamana, na Agosti 2018 akahukumiwa miaka mitano na miezi mitatu. Ripoti aliyoitoa ilihusu jambo ambalo Wamarekani walikuwa wakibishania kila siku. Sheria ya 1917 haimruhusu mshtakiwa kuliambia baraza la wazee wa mahakama kwamba alitoa siri kwa manufaa ya umma. Kinachoulizwa ni kama aliitoa, basi.

Ni haki pia kusema kwamba si kila mdogo ni shujaa aliyeonewa. Kijana Jack Teixeira, mwanajeshi wa akiba wa kikosi cha anga katika jimbo la Massachusetts, alikuwa na umri wa miaka 21 alipokamatwa Aprili 2023. Kazi yake ilikuwa kutunza mitambo ya mawasiliano, na kwa kazi hiyo alipata kuziona siri za daraja la juu, zikiwemo za vita vya Ukraine. Alizitia katika mtandao wa Discord, katika kikundi cha marafiki wa michezo ya tarakilishi, na kutoka hapo zikaenea duniani. Hakuwa na hoja ya manufaa ya umma. Alitaka marafiki wamwone mtu mwenye habari. Nyaraka za aina hiyo zinaweza kumfichua mtoa habari aliye ndani ya jeshi la adui, na mtu huyo hapewi nafasi ya kujitetea kortini. Mahakama ilimpa Bw Teixeira miaka 15 mnamo Novemba 12, 2024.

Katika kisa hiki kuna jambo ambalo halikupewa uzito katika vichwa vya habari. Uchunguzi wa jeshi la anga uligundua kwamba baadhi ya wakubwa wake walikuwa wamemwona akichungulia habari zisizomhusu, wakaonya kwa maneno, na hawakupeleka taarifa mbele. Mnamo Desemba 2023 jeshi lilitangaza kwamba wanajeshi 15 wameadhibiwa, na kamanda mmoja akaondolewa katika wadhifa wake. Hakuna aliyefungwa miongoni mwao. Hata hivyo, hiyo ndiyo mara chache ambapo swali la uwajibikaji lilipanda ngazi badala ya kuishia kwa aliyeshika karatasi.

Kwa wale walio kileleni kabisa, ngazi yenyewe huisha. Mnamo Agosti 2022, FBI ilipekua makazi ya Bw Donald Trump huko Mar-a-Lago, Florida. Kwa muda wa mwaka mzima Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ilikuwa imedai karatasi za urais wake. Januari 2022 alirudisha masanduku 15. Mei mwaka huo akapewa hati ya kumwamuru atoe nyaraka zote za siri, na Juni mawakili wake wakatoa 38. Upekuzi ulipofanywa, zaidi ya 100 nyingine zilipatikana. Alishtakiwa Juni 2023, akakana mashtaka yote.

Miezi michache baada ya upekuzi huo, nyaraka za siri zilipatikana pia katika afisi ya zamani ya Rais Joe Biden na katika gereji ya nyumba yake, kisha nyumbani kwa aliyekuwa Makamu wa Rais, Bw Mike Pence. Tofauti iliyotajwa na wanasheria ni kwamba hawa wawili walijitangaza na kurudisha, ilhali Bw Trump alidaiwa kuficha. Bw Pence hakushtakiwa. Kuhusu Bw Biden, kiongozi maalum wa mashtaka, Bw Robert Hur, aliandika Februari 2024 kwamba kulikuwa na ushahidi kuwa aliweka nyaraka kwa kukusudia, lakini haukutosha kumtia hatiani. Sababu mojawapo ni kwamba wazee wa mahakama wangemwona kama mzee mwenye nia njema na kumbukumbu dhaifu. Sentensi hiyo ilimuumiza kisiasa kuliko faini yoyote.

Kesi ya Bw Trump haikusikizwa kamwe. Jaji Aileen Cannon aliitupa Julai 2024 akisema uteuzi wa kiongozi wa mashtaka, Bw Jack Smith, ulikiuka katiba. Rufaa iliwasilishwa, lakini Bw Trump akashinda uchaguzi wa Novemba, na kwa kuwa Wizara ya Haki haimshtaki rais aliye madarakani, rufaa dhidi yake ikaondolewa Novemba 25, 2024. Zilikuwa zimepita siku 13 tangu Bw Teixeira ahukumiwe.

Kisha kikaja kisa cha Machi 2025. Mshauri wa usalama wa Rais Trump, Bw Mike Waltz, aliunda kikundi cha ujumbe katika programu ya Signal ili mawaziri wajadili mashambulizi dhidi ya Wahouthi nchini Yemen. Kwa makosa, akamwingiza mhariri wa jarida la The Atlantic, Bw Jeffrey Goldberg. Mhariri huyo alisoma katika simu yake saa ambazo ndege za kivita zingeruka na mabomu yangeanguka, kabla hazijaruka. Aliyeandika saa hizo alikuwa Waziri wa Ulinzi, Bw Pete Hegseth.

Ikulu ilisema hapakuwa na siri yoyote. Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Ulinzi alitoa ripoti Desemba 2025 akisema waziri alikiuka kanuni kwa kutumia simu yake ya kibinafsi, na kwamba ujumbe huo kama ungenaswa na adui ungeweza kuwatia wanajeshi hatarini. Lakini ripoti hiyo hiyo ilikubali kwamba waziri ana mamlaka ya kuondolea habari usiri. Mwenye kuteleza ndiye mwenye kuamua kama pale pana utelezi. Bw Waltz aliondolewa katika wadhifa wake Mei 2025, akateuliwa kuwa balozi katika Umoja wa Mataifa.

Msomaji wa Kenya asidhani haya ni ya Wamarekani peke yao. Sheria yetu ya Siri za Serikali, Sura ya 187, ilitungwa mnamo 1968 katika mapokeo ya Waingereza, ambao sheria yao mama ya 1911 ilipita katika bunge la Commons kwa siku moja. Adhabu yake kuu ni kifungo cha hadi miaka 14. Huko kwa waliotufunza, Waziri wa Mambo ya Ndani, Bi Suella Braverman, alijiuzulu Oktoba 2022 baada ya kutuma waraka wa serikali kwa barua pepe yake ya kibinafsi. Siku sita baadaye alirudishwa katika wadhifa ule ule.

Kwetu swali lilikuja kwa sura tofauti. Bw John Githongo, aliyekuwa Katibu wa Wizara katika Afisi ya Rais akishughulikia vita dhidi ya ufisadi, alijiuzulu akiwa London Februari 2005. Alikuwa amerekodi kisiri mazungumzo na wakubwa kuhusu kandarasi za Anglo Leasing, na maelezo yake yalipochapishwa magazetini Januari 2006, mawaziri walilazimika kuondoka afisini wakikanusha makosa. Je, afisa aliyekula kiapo cha siri alikivunja, au alikitimiza? Kwa herufi za sheria ya 1968, jibu halikuwa la kumfariji.

Katiba ya 2010 ilibadilisha uwanja. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 imeruhusu mambo ya usalama wa taifa kuzuiliwa, lakini pia inamkinga mfanyakazi anayefichua jambo kwa manufaa ya umma, kinga ambayo Bi Winner hakuwa nayo. Sheria hizo mbili, ya 1968 na ya 2016, zinakaa katika nyumba moja bila kusalimiana vizuri. Karani wa wizara atakayeokota faili yenye harufu mbaya bado atalazimika kukisia ni ipi kati yake itakayomfikia kwanza.

Ama baharia Saucier, alimaliza kifungo chake mnamo 2017. Akiwa na rekodi ya uhalifu, alipata kazi ya kuendesha lori la kuzoa taka. Alikuwa kwenye usukani wa lori hilo Machi 2018 alipopata habari kwamba Rais Trump, ambaye katika kampeni alikitaja kisa chake mara kwa mara ili kumchapa nacho Bi Clinton, amempa msamaha.